Mahindi Mpakani: Malengo ya Kisheria ya Kilimo cha Pamoja Afrika Mashariki

Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula, AFA, iliiandikia idara ya forodha barua ya kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania. Sababu iliyotolewa ni kwamba mahindi hayo yalikuwa na sumu ya kuvu kupita kiwango kinachoruhusiwa. Wafanyabiashara waliokuwa njiani na shehena zao walijikuta hawana pa kupita. Siku tano baadaye, tarehe 10 Machi, Wizara ya Kilimo ilifungua tena mlango huo, lakini kwa masharti: waagizaji wote wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumu ya aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Katika siku hizo tano kila mtu alikuwa na swali lake. Mkulima wa Kenya alijiuliza kama sasa gunia lake lingepata bei nzuri. Mwenye kinu alijiuliza angesaga nini wiki iliyofuata. Mzazi aliyekuwa akinunua unga wa ugali alitaka kujua kama ule aliokuwa nao jikoni ni salama. Naye mfanyabiashara wa mpakani aliuliza swali la kisheria, pengine bila kujua kuwa ni la kisheria: si nchi hizi zote ni za Jumuiya moja, zilizokubaliana kuhusu kilimo na soko?

Zilikubaliana, na makubaliano hayo yameandikwa. Makala haya yanaeleza yanasema nini, yana nguvu gani, na yanamhusu vipi mkazi wa kaunti anayelima, anayeuza au anayekula.

Mkataba wenyewe

Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na marais wa Kenya, Tanzania na Uganda. Ulianza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Jumuiya sasa ina nchi wanachama nane.

Kilimo kimepewa sura nzima katika Mkataba huo, Sura ya 18, yenye Ibara za 105 hadi 110. Kichwa cha sura hiyo kinataja kilimo na usalama wa chakula kwa pamoja. Katika lugha ya sura hii, usalama wa chakula una maana pana: chakula kuwepo cha kutosha, kuwafikia watu, na kiwe hakiwadhuru wanaokila.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 2(6), inasema kwamba mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Kwa hiyo mkulima wa hapa anapousikia Mkataba wa Arusha asidhani ni jambo la mabalozi peke yao. Ni sehemu ya sheria anayoishi chini yake.

Malengo ya Ibara ya 105

Ibara ya 105 inaanza na malengo makuu mawili: kupata usalama wa chakula, na kuwa na uzalishaji wa kilimo uliopangwa vizuri ndani ya Jumuiya. Kupangwa vizuri huko kuna maana yake. Mkataba unataka nchi zikamilishane, kila moja ikizalisha zaidi kile ambacho ardhi yake, mvua yake na watu wake wanakiweza, badala ya zote kung'ang'ania kitu kimoja na zote kukosa kwa wakati mmoja.

Ili kufika huko, Ibara hiyo inataja mambo manne ambayo nchi wanachama zinaahidi kuyahakikisha.

La kwanza ni sera ya pamoja ya kilimo. La pili ni kujitosheleza kwa chakula ndani ya Jumuiya. La tatu ni kuongeza mazao ya shambani, mifugo, samaki na mazao ya misitu, kwa matumizi ya nyumbani, kwa kuuza ndani na nje ya Jumuiya, na kwa kulisha viwanda. La nne ni kuhifadhi mazao baada ya kuvuna na kuboresha usindikaji wa chakula.

Msomaji aangalie hilo la nne kwa makini. Hifadhi baada ya mavuno mara nyingi huonekana kuwa kazi ndogo ya nyumbani, ya turubai na ghala. Mkataba umeiweka safu moja na sera ya pamoja. Hindi lililovunwa vizuri na kuwekwa vibaya haliongezi chakula cha nchi yoyote.

Ibara zinazofuata zinaingia katika kazi moja moja. Ibara ya 106 inahusu mbegu: utafiti, uzalishaji na usambazaji wa mbegu bora. Ibara ya 107 inahusu mifugo. Ibara ya 108 inahusu udhibiti wa magonjwa ya mimea na wanyama: kuoanisha sheria za ukaguzi, kuwa na maabara za kanda, na kushirikiana katika kufuatilia wadudu na magonjwa yanayovuka mipaka. Ibara ya 109 inahusu umwagiliaji na utunzaji wa vyanzo vya maji. Ibara ya 110 inarudi kwenye chakula chenyewe. Inataka nchi zipashane habari za ziada na upungufu, zipate taarifa za bei kwa wakati, zioanishe viwango vya ubora, na ziwe na akiba ya chakula ya dharura.

Haja ya Ibara ya 108 ilionekana wazi mwaka 2011. Mwaka huo ugonjwa hatari wa mahindi ambao wakulima wanaujua kwa jina la MLN uliripotiwa katika Kaunti ya Bomet, majani yakigeuka manjano na kukauka, na mhindi kufa kabla ya kukomaa. Katika miaka miwili hivi iliyofuata ulikuwa umethibitishwa pia Tanzania, Uganda na Rwanda. Ugonjwa ulivuka bila kusimama kwenye kizuizi chochote cha forodha. Nchi moja isipoudhibiti, jirani zake watauvuna.

Lengo la kisheria lina nguvu gani?

Watu wengi huuliza: lengo ni ahadi tu, linaweza kumbana nani? Jibu lina sehemu tatu.

Kwanza, lengo linaelekeza jinsi sheria nyingine zinavyosomwa na kutungwa. Chini ya Mkataba kuna Itifaki ya Umoja wa Forodha, iliyotiwa saini Machi 2004 na kuanza kutumika Januari 2005, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza Julai 2010. Kuna pia sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango na ubora wa bidhaa. Swali likizuka kuhusu maana ya kifungu fulani, malengo ya Mkataba ndiyo taa ya kumulikia.

Pili, Ibara ya 8 inazitaka nchi wanachama zijiepushe na hatua yoyote inayoweza kuhatarisha kufikiwa kwa malengo ya Mkataba. Hapo ahadi inapata meno. Serikali haiwezi kutia saini kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mkono mwingine.

Tatu, kuna mahakama. Ibara ya 30 inampa mtu yeyote mkazi wa nchi mwanachama haki ya kwenda katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha, kupinga sheria, agizo, uamuzi au kitendo cha nchi mwanachama kinachokiuka Mkataba. Muda uliowekwa ni miezi miwili tangu jambo hilo litangazwe au litendeke, au tangu mlalamishi alipopata kulijua. Anayengoja msimu mzima upite kabla ya kulalamika hukuta mlango umefungwa.

Hata hivyo, lengo halina nguvu ya hundi. Mkulima hawezi kwenda mahakamani na Ibara ya 105 akadai alipwe bei fulani kwa gunia lake. Ibara hiyo inazibana serikali kuhusu mwelekeo, na inaziachia nafasi kubwa kuhusu njia.

Funzo kutoka Ulaya

Jumuiya ya Afrika Mashariki haikuwa ya kwanza kujiandikia malengo ya namna hii. Tarehe 25 Machi 1957, nchi sita za Ulaya zilitia saini Mkataba wa Roma. Nchi hizo ni Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Luxembourg na Uholanzi. Wazazi wa kizazi kile walikuwa wameonja njaa ya vita. Ibara ya 39 ya mkataba huo ikataja malengo matano ya sera ya pamoja ya kilimo: kuongeza tija ya kilimo, kuwahakikishia wakulima maisha ya haki, kutuliza masoko, kuhakikisha chakula kinapatikana, na kuhakikisha kinawafikia walaji kwa bei ya kadiri. Malengo hayo matano yamebaki katika mikataba ya Umoja wa Ulaya mpaka leo, na hata namba ya ibara ni ile ile.

Ukiyasoma haraka yanaonekana kupatana. Ukiyasoma kwa utulivu unaona yanavutana. Bei inayompa mkulima maisha ya haki inaweza kuwa ndiyo inayomlemea mlaji. Sera ilipoanza kutekelezwa mwaka 1962, Ulaya iliegemea upande wa mkulima kwa kumhakikishia bei. Uzalishaji ulipanda mpaka maghala yakajaa siagi na maziwa ya unga yasiyo na mnunuzi. Mwaka 1984 ikabidi kila nchi iwekewe kikomo cha maziwa, na kikomo hicho kiliondolewa mwaka 2015.

Mahakama ya Ulaya ilipoulizwa kuhusu mvutano huo ilijibu kwamba vyombo vya Umoja vina wajibu wa kuyapatanisha malengo, na kwamba lengo moja linaweza kutangulizwa kwa muda hali ikilazimu. Kutangulizwa kwa muda si kufuta yale mengine.

Tofauti moja inafaa kujulikana. Mkataba wa Ulaya unataja waziwazi maisha ya mkulima na bei kwa mlaji. Ibara ya 105 ya Mkataba wa Afrika Mashariki haivitaji viwili hivyo kwa majina. Imetanguliza chakula kuwepo, kuongezeka na kuhifadhiwa. Mkulima na mlaji wanaguswa kupitia njia hizo, na kupitia taarifa za bei zinazotajwa katika Ibara ya 110.

Malengo yanapovutana nyumbani

Mwaka 2017 ni mfano mzuri. Ukame ulikuwa umepunguza mavuno nchini Kenya, na bei ya unga ikapanda. Kwa kawaida mahindi kutoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa pamoja wa asilimia 50, nayo mahindi yaliyolimwa ndani ya Jumuiya hayatozwi ushuru huo. Ukuta huo unamlinda mkulima wa Afrika Mashariki. Mwaka huo Kenya iliondoa ushuru kwa mahindi ya nje kwa muda, na mwezi Mei meli yenye mahindi kutoka Mexico ikatia nanga Mombasa.

Mwezi uliofuata, Tanzania ilisitisha uuzaji wa mahindi ghafi nje ya nchi. Sababu zilizotajwa ni kulinda akiba ya chakula na kutaka yasagwe kwanza nchini.

Kila serikali ilikuwa na hoja. Kenya ilikuwa ikimtazama mlaji, na Tanzania ilikuwa ikitazama ghala lake. Lakini kwa macho ya Ibara ya 105, jirani wawili wa Jumuiya moja walikuwa wakitafuta usalama wa chakula kila mmoja kivyake: mmoja akivuka bahari kutafuta mahindi, mwingine akifunga mlango wa nyuma. Kupashana habari za ziada na upungufu, ambako Ibara ya 110 inakutaka, kuliwekwa kwa ajili ya miaka kama hiyo.

Mfano wa Machi 2021 ni wa namna nyingine, kwa kuwa pale hoja ilikuwa afya. Itifaki ya Umoja wa Forodha, Ibara ya 13, inazitaka nchi ziondoe vikwazo visivyo vya ushuru na zisiweke vipya. Itifaki hiyo hiyo, Ibara ya 22, inairuhusu nchi kuzuia bidhaa kwa ajili ya kulinda maisha ya binadamu na afya ya umma. Basi je, Kenya ilivunja ahadi au iliitumia ruhusa yake?

Anayetaka kujibu swali kama hilo ana mambo matatu ya kutazama.

Hatari ni ya kweli? Aflatoksini, ambayo pia huitwa sumukuvu, hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu. Huharibu ini, na kuipika hakuiondoi. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliripotiwa kuugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walifariki. Hatari hiyo Kenya iliijua kwa makaburi.

Kipimo ni kimoja kwa wote? Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinasema aflatoksini isizidi sehemu 10 kwa bilioni, sawa na gramu 10 katika tani 1,000, na unyevu usizidi asilimia 13.5. Kiwango hicho hakiulizi hindi limetoka wapi. Mahindi ya Kenya yanabanwa nacho vilevile. Novemba 2019, shirika la KEBS lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi uliosagwa humu humu nchini kwa sababu ya sumu hiyo.

Hatua inalingana na hatari? Kufunga mpaka kwa nchi nzima kunamzuia mwenye mahindi mabaya pamoja na mwenye mazuri. Kudai cheti kwa kila shehena kunamzuia mwenye mahindi mabaya peke yake. Masharti yaliyotolewa tarehe 10 Machi yalikuwa karibu zaidi na malengo ya Mkataba kuliko barua ya tarehe 5, kwa kuwa yalilinda afya huku yakiacha njia ya biashara wazi.

Maswali hayo matatu ni ya kukumbukwa, kwa kuwa yatafaa tena. Kizuizi kingine kitakapotokea, kiwe cha maziwa, mayai, kuku au vitunguu, mkazi anaweza kuyauliza mwenyewe: hatari ni ya kweli, kipimo ni kimoja, hatua inalingana?

Kaunti inaingia wapi?

Katiba, katika Jedwali la Nne, inagawa kazi. Sera ya kilimo ni ya serikali ya kitaifa. Kilimo cha mimea na ufugaji, masoko ya mifugo, vichinjio vya kaunti, udhibiti wa magonjwa ya mimea na wanyama, na uvuvi ni kazi za kaunti. Nairobi ndiyo inayokaa mezani Arusha. Lakini Mkataba unapodai magonjwa yadhibitiwe na mazao yahifadhiwe, mikono inayofanya kazi hiyo iko mashinani: afisa wa kilimo wa wadi, daktari wa mifugo, mkaguzi wa nyama.

Mkataba wenyewe unalikubali jambo hili. Ibara ya 7 inasema ushirikiano uwe wa kuwalenga watu, na inatambua kwamba wadau wa ngazi mbalimbali washiriki katika kuujenga.

Kuna upande mwingine wa shilingi ambao kaunti zote zinapaswa kuutazama. Kaunti hutoza ada kwa mazao yanayosafirishwa. Ibara ya 209 ya Katiba inasema mamlaka ya kaunti ya kutoza yasitumiwe kwa namna inayodhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa nchini. Lori linaloweza kutoka Uganda bila ushuru halafu likasimamishwa mara kadhaa kati ya mpaka na soko, gharama yake bado itaishia kwenye bei ya unga. Kanuni tunayoidai Namanga na Busia inafaa ianze na sisi wenyewe barabarani.

Mkazi afanye nini?

*Mkulima.* Soko la pamoja linapokelewa kwa mazao yanayofikia kiwango. Mahindi yavunwe yakikomaa na yaondolewe shambani mapema, yasirundikwe chini. Yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Yapukuchuliwe bila kupasua punje, maana punje iliyopasuka ni mlango wa kuvu. Yapimwe unyevu kwa kipimo kabla ya kuwekwa ghalani. Kuuma punje kwa meno hakuonyeshi asilimia 13.5. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Punje zilizooza zisichanganywe na nzima, wala zisipewe ng'ombe wa maziwa au kuku, kwa kuwa sumu hupita kwenye maziwa na huwadhuru kuku. Ugonjwa au mdudu asiyejulikana uripotiwe kwa afisa wa kilimo wa wadi siku unapoonekana.

*Mfanyabiashara mdogo.* Anayevusha bidhaa zilizolimwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, anaweza kutumia utaratibu rahisi wa biashara. Hujaziwa mpakani cheti rahisi kinachoonyesha bidhaa zilikotoka, na hatozwi ushuru wa forodha kwa bidhaa hizo. Lakini cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea, wanyama na ubora. Kupita njia za panya kwa kudhani ni nafuu kunampokonya mfanyabiashara ulinzi wote ambao sheria hii inampa, na kumwacha mikononi mwa yeyote atakayemsimamisha.

*Mlaji.* Unga wa pakiti utazamwe alama ya ubora. Anayepeleka mahindi yake kinuni ayachambue kwanza, na yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au yenye harufu ayatupe. Hasara ya gorogoro moja ni ndogo kuliko ile ya ini la mtoto.

*Kila mkazi.* Mpango wa Maendeleo wa Kila Mwaka wa kaunti huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao. Huko ndiko vinakoamuliwa vikaushio vya nafaka, vipimo vya unyevu, maghala, chanjo za mifugo na idadi ya maafisa wa nyanjani. Anayesimama kwenye kikao cha wadi na kuuliza, "Wadi hii ina vipimo vingapi vya unyevu, na viko wapi?" amelileta lengo la nne la Ibara ya 105 mpaka kwenye uwanja wa shule ya msingi. Ibara ya 35 ya Katiba inampa pia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Kwa ufupi

Mkataba wa Afrika Mashariki unaitaka Kenya na jirani zake zitafute chakula cha kutosha kwa pamoja, zikamilishane katika kulima, ziongeze mazao na zihifadhi kinachovunwa. Malengo hayo ni sheria: yanaelekeza sera, yanakataza hatua za kuyabomoa, na yana mahakama nyuma yake. Hayaondoi haki ya nchi kulinda afya ya watu wake, ila yanataka ulinzi huo uwe wa kweli, wa kipimo kimoja na wa kadiri.

Mwaka 2021 malori yalisimamishwa na barua moja, na yakaruhusiwa tena kwa cheti cha kupimwa. Kitakachoamua kama mahindi ya kaunti hii yatapita au yatarudishwa ni jinsi yalivyoanikwa wiki ya kwanza baada ya kuvunwa. Mkazi mwenye swali kuhusu unyevu, magonjwa ya mimea au hifadhi ya nafaka afike katika ofisi ya kilimo ya wadi yake kabla ya mavuno, wakati bado kuna nafasi ya kulishughulikia.